Shavu la Mdogo Wangu

Jumapili, 3 Machi

Leo mdogo wangu ameniomba nimtengenezee shavu.

Tulikuwa tunakunja nguo kitandani kwake. Alikuwa amekaa kama anavyokaa siku hizi, upande wenye bendeji ukielekea ukutani. Akasema, "Dada, kule kazini kwenu mnawatengenezea maiti wa sinema ngozi mpaka watazamaji wanafumba macho. Mimi niliye hai kinakushinda nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu walipomtoa uvimbe, wakatoka nao na jicho la kushoto, shavu na kipande cha pua, hajavuka geti ila kwenda hospitali. Darasa lake la tatu amepewa mwalimu mwingine. Hospitali wana fundi wa meno na taya tu, wa uso hawana. Nilimweleza kwamba vitu ninavyovivalisha ngozi havipumui: sanamu za makumbusho, majeraha ya sinema, miili ya kufundishia wauguzi. Hakuna hata kimoja kilichowahi kutoka jasho au kupiga chafya.

"Basi nitakuwa wa kwanza," akasema. "Nitakupigia chafya."

Nimekubali. Nilipotoka, mvua ya kwanza ilikuwa imeanza na shemeji alikuwa barazani peke yake, anaangalia maji yakijaa kwenye ndoo. Hakuniuliza hali ya mkewe.

Jumatatu, 4 Machi

Bosi amekubali nitumie karakana Jumamosi. Daktari naye amesema kidonda kimekauka vya kutosha.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kuchukua umbo la uso. Nilifikiri nimejiandaa.

Shemeji alimleta, akamshusha mlangoni, akamkabidhi mwavuli kisha akaenda kusimama ng'ambo ya barabara chini ya paa la duka. Nilimwita aingie asinyeshewe. Akatikisa kichwa. Miaka kumi na saba ya ndoa, na mwanamume hawezi kukaa chumba kimoja na mkewe akifunguliwa bendeji. Niliona aibu kwa niaba yake.

Mama Nywele alikuwepo. Jina hilo tumempa kwa sababu kazi yake ni kupandikiza nywele kwenye vichwa vya sanamu, unywele mmoja mmoja kwa sindano, huku akivisemesha. "Mheshimiwa, tulia, bado kisogo." Alipoona mdogo wangu anaanza kufungua bendeji, aliinuka akaenda kufunga mlango, akarudi kwenye kichwa cha sanamu yake. Nilimshukuru moyoni.

Sasa nimeona. Sitaandika nilichoona. Nitaandika tu kwamba mikono yangu iliendelea na kazi. Nilijaza shimo kwa pamba yenye mafuta, nikakoroga ule unga laini wanaotumia madaktari wa meno mpaka ukawa kama uji mzito, nikampaka kuanzia kipaji cha uso. Nilimwachia tundu moja la pua la kupumulia.

"Ukishindwa, niinulie kidole."

Aliinua kidole mara moja tu, nikadhani amezidiwa. Kumbe alikuwa anauliza kama anaweza kumeza mate.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimefagia karakana.

Alhamisi, 14 Machi

Nachonga shavu kwa nta juu ya sura yake ya plasta niliyoimimina ndani ya lile umbo. Nina picha zake nne ukutani, na katika zote anacheka. Shavu la mtu anayecheka si lile la kila siku, na lile la kila siku silikumbuki. Nimemlea, nimemnawisha, nimempiga makofi, nimembusu, na shavu lake silikumbuki.

Nikajaribu kujitazama kwenye kioo, labda tunafanana. Mimi nimechukua sura ya baba. Yeye alichukua ya mama, na binti yake ameichukua ilivyo.

Jioni nilimwambia shemeji kwa simu kwamba nahitaji kutazama ngozi ya binti kwa karibu. Akasema atamwambia.

Jumamosi, 16 Machi

Sikumtegemea binti. Ana miaka kumi na tano, na tangu mama yake atoke hospitali amekuwa mwiba. Akiambiwa alete maji analeta, anayaweka chini, anaondoka huku akitazama viatu vyake. Wiki iliyopita mama yake alimwita mara tatu kabla hajaitika. Nilitaka kumfinya.

Leo akaja karakana mwenyewe, amelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, mama mkubwa. Baba amesema unataka shavu."

Nilimlaza mezani. Nilitaka kuchukua alama za vinyweleo vyake, vile vitundu vidogo vinavyoifanya ngozi iwe ngozi na si plastiki, nizibandike kwenye nta. Nilipokuwa nampaka ule uji wa unga, akaanza kusema akiwa amefumba macho.

"Mnafikiri namkimbia mama."

"Humkimbii?"

"Nikimwangalia, anaangalia ninavyomwangalia. Uso wangu ukibadilika kidogo tu anauona. Sasa nifanye nini na uso wangu?"

Nilimwambia asiongee, umbo litaharibika. Chozi likamtoka likaingia kwenye uji, likaacha mfereji mwembamba ambao nilikuja kuuziba baadaye kwa kisu.

Jumatano, 20 Machi

Silikoni niliyoimimina iwe ngozi ya shavu haikuganda. Nilifungua kalibu nikakuta kamasi. Nilijilaumu, nikalaumu mvua, nikalaumu kiwanda. Mama Nywele akaja, akanishika mkono, akanionyesha glavu za mpira nilizovaa. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba mpira ule unaizuia silikoni isigande, na mimi nimewafundisha wangapi.

"Akili yako haipo hapa," akasema. "Nenda nyumbani. Kalibu nitaiosha mimi."

Jumamosi, 23 Machi

Shavu limetoka. Ukingo wake ni mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Ndani ya silikoni nimetawanya vinyuzi vyekundu kwa ajili ya mishipa.

Kazi ya rangi tumeifanya dirishani kwake, mvua ikinyesha, kwa sababu rangi inayokubali chini ya taa hukataa mchana. Watu wasiojua, wakitaka ngozi yetu, huanza na nyeusi, wakapata rangi ya jiko. Mimi huanza na nyekundu, kisha njano, kisha kahawia nyingi na bluu kidogo sana. Mdogo wangu alikaa kimya kama mtoto anayesukwa. Nilimgusa shavu lililobaki kwa brashi kavu, nikagusa sahani ya rangi, nikarudi. Saa nzima tulikuwa hivyo. Nilikuwa na furaha, nisidanganye.

Jumamosi, 30 Machi

Nimembandika. Jicho la kioo limekaa sawasawa, kope zimepandikizwa na Mama Nywele, nyusi pia. Nikampa kioo.

Alijitazama muda mrefu. Alijigeuza huku na huku. Nilisubiri kilio, au shukrani, au lolote.

"Dada," akasema, "hili shavu na hili jingine ni mtoto na mama yake."

Kweli. Vinyweleo vya binti. Nilikuwa nimempa ngozi ya miaka kumi na tano. Tukaanza kucheka, yeye akicheka kwa upande mmoja, shavu langu likibaki limetulia kama mgeni asiyejua lugha, na hilo likatuchekesha zaidi. Baadaye nikachukua kisindano nikamwongezea mikunjo chini ya jicho. Ni kazi ya ajabu kumzeesha mdogo wako kwa mkono wako.

Alitoka mpaka dukani, akanunua sabuni asiyoihitaji.

Jumatatu, 8 Aprili

Amerudi darasani. Amenisimulia kwa simu, anapayuka mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Kuna mtoto wa mstari wa mbele aliyemkazia macho kipindi kizima, mwisho akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo jicho halipepesi."

"Hilo ni la kuwakamata wanaotazamia majibu," amemjibu. "Halilali."

Anasema darasa zima liliinamia madaftari.

Jumatano, 17 Aprili

Jasho. Ukingo umeachia chini ya jicho akiwa ubaoni. Alishika kwa kidole akaendelea kuandika kwa mkono mwingine mpaka kengele. Nimebadilisha gundi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilipita kwake baada ya kazi. Alikuwa mlangoni, mwanga wa mawingu ukimpiga usoni, nikaona mara moja kwamba mashavu hayalingani. La kwangu lilikuwa na wekundu wa afya. La kwake lilikuwa na unjano fulani.

"Rangi imeanza kufifia," nikamwambia. "Nipe nikalirekebishe."

Akalivua, akaniwekea kwenye kikopo chake. Nililipeleka karakana nikatoa kile kipande cha majaribio ninachokiweka kila ninapochanganya rangi, nikaviweka viwili sambamba chini ya dirisha. Niliviangalia. Nikavihamisha. Nikamwita Mama Nywele aangalie bila kumwambia ninachotafuta.

"Vipo sawa," akasema. "Kwani vipi?"

Vilikuwa sawa kabisa. Shavu langu halikuwa limebadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yeye.

Nilikaa kwenye kiti na kikopo mapajani. Mama Nywele aliweka sindano chini, akavuta kiti chake karibu na changu. Kichwa alichokuwa anakifanyia kazi kilibaki na nywele upande mmoja tu siku nzima. Hata kukisemesha hakukisemesha.

Jioni nililipaka njano. Nikalipaka hafifu, kama mtu anayejaribu kusema neno baya kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilimwambia shemeji ampeleke kupimwa. Wamempima. Ule uvimbe umefika kwenye ini.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua haikatiki. Barabara ya kwao imekuwa matope matupu. Ameacha kwenda shule, anasema ni matope.

Jumapili, 5 Mei

Nimelipaka tena. Njano zaidi, nyekundu nimeifunika. Nilipokuwa nambandika, nikaanza maneno yangu ya gundi na mvua na rangi kufifia.

"Dada," akasema. "Silikoni ya kwako haififii. Wewe mwenyewe uliniambia siku ile ya dirishani, ukajisifu."

Nikaendelea kubana ukingo kwa kidole.

"Unanifuata," akasema. "Kila ninakokwenda, unanifuata na brashi."

"Nifanye nini basi?"

"Nifuate. Nasema tu nimekuona."

Aliegemeza kichwa begani kwangu, upande wa shavu langu. Hakuwa anahisi chochote upande ule, lakini mimi nilihisi.

Jumapili, 12 Mei

Leo nimemjua shemeji yangu.

Mdogo wangu alikuwa amelala. Nilimkuta shemeji jikoni anafua vitambaa vya kidonda, kimoja kimoja, kwa maji ya moto, kisha anavianika juu ya jiko kwa sababu nje havikauki. Alivishika kama mtu aliyezoea. Nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba vitambaa anaviweza lakini mwenye kidonda hamwezi.

Hakukasirika. Alikamua kitambaa mpaka tone la mwisho.

"Aliniapisha," akasema. "Siku walipomrudisha kutoka chumba cha upasuaji, kabla sijamwona. Alisema, 'Nikumbuke nilivyokuwa. Ukiniona, nitajua unachokiona kila ukinitazama.' Nikaapa. Tangu siku hiyo, akifungua, mimi natoka."

"Unalala wapi?"

"Ukumbini, kwenye kiti. Anavua shavu akilala. Mlango nauacha wazi kidogo nisikie anavyopumua."

Nilichukua kitambaa kingine nikaanza kufua pembeni yake. Nilikumbuka mwavuli, na yeye ng'ambo ya barabara kwenye mvua. Nilitaka kusema nimekosea, na naona alielewa, kwa sababu alinisogezea beseni.

"Shemeji," akasema baadaye, "mimi sihitaji awe na shavu. Lakini hilo si langu kulisema."

Jumanne, 14 Mei

Shavu limeanza kusimama mbali na uso. Amekonda, mfupa umeingia ndani, ukingo haupati pa kushika. Nilimwambia nitamtengenezea jingine jembamba. Akasema nipumzike.

Sikupumzika. Nimeanza jingine karakana, bila kumwambia. Bosi aliniona, akageuka akazima redio.

Jumapili, 19 Mei

Niandike hili vizuri.

Tulikuwa wote chumbani: mimi, shemeji, na binti amekaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama viatu vyake. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, ikabidi tusemezane kwa sauti. Nilikuwa nimetoa gundi. Nilibandika, likaachia. Nilibandika tena, likaachia. Mara ya tatu mdogo wangu alinishika kiganja.

"Liache."

Shemeji akainuka aende mlangoni, kama kawaida yake.

"Mume wangu," mdogo wangu akamwita. "Kaa."

"Uliniapisha."

"Nimekufungua. Kaa, nimechoka kukusikia unakohoa ukumbini."

Akakaa. Mdogo wangu akalivua shavu mwenyewe, pamoja na jicho lake la kioo, akaniwekea mkononi. Lilikuwa na joto la ngozi yake. Kisha akageuka, taratibu, na uso wake wote ukaelekea kwenye mwanga wa dirisha, upande uliokuwepo na upande usiokuwepo.

Shemeji alimtazama. Hakulia, hakukunja uso. Alisema, "Umekonda," kama mtu anayemlaumu mkewe kwa kutokula.

Binti alikuwa bado ameinama. Nilimwona anapumua kwa nguvu. Mama yake hakumwita. Alisubiri. Hatimaye mtoto akanyanyua kichwa, na uso wake ukabadilika, sote tukauona, mama yake akauona. Midomo ilitetemeka, macho yakamjaa.

"Ndiyo," mama yake akasema. "Inatisha. Mimi mwenyewe iliniogopesha mwezi mzima."

Binti akasogea. Akauliza, "Inauma?"

"Hapo juu, upepo ukipiga."

Akanyoosha mkono, akaukinga kati ya dirisha na uso wa mama yake. Alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mwingine. Mimi nilibaki na shavu kiganjani, sijui pa kuliweka.

Jumatano, 22 Mei

Shemeji analala chumbani. Binti ndiye anayemsafisha. Amenizuia nisimsaidie.

Jumatatu, 27 Mei

Amefariki leo mchana. Shemeji alikuwa anamsimulia jambo la jirani na mbuzi wake, alipofika mahali pa kuchekesha hakusikia kicheko.

Jumatano, 29 Mei

Shavu la pili nilikuwa nimelimaliza Jumapili. Jembamba, limeingia ndani mahali mfupa ulipoingia, na rangi yake ndiyo rangi ya mwisho niliyomwona nayo. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Leo asubuhi nililibeba kwenye kikopo, nikaenda chumba cha maiti tulipokuwa tunamwandaa.

Nilifikiri: watu watakuja kumuaga. Walimu wenzake, watoto wa darasa lake. Wamwone akiwa mzima. Hilo naliweza. Labda ndilo pekee ninaloliweza.

Nilimwonyesha shemeji. Alilitazama akasema, "Muulize binti."

Binti alikuwa anamchana mama yake nywele. Nikafungua kikopo. Alinawa mikono kwanza, akalichukua, akaliweka kwenye kiganja, akalisogeza karibu na uso wa mama yake bila kumgusa. Lililingana. Hata yeye aliona lilivyolingana, alinitazama kwa mshangao.

"Umelitengeneza lini?"

"Mkiwa mnamsafisha."

Kisha akalirudisha kikoponi, akakifunika, akanishikisha kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima kitu.

"Hapana, mama mkubwa. Azikwe alivyo. Sisi tumeshamwona."

Tulimfunika uso kwa kitambaa cheupe. Waliokuja kumuaga walimgusa mkono. Yule mtoto wa mstari wa mbele alikuja na mama yake, akasimama muda mrefu, hakuuliza kitu.

Tumemzika saa kumi. Udongo ulikuwa mzito, wachimbaji walilazimika kuubandua kwenye majembe kwa mikono.

Jumapili, 9 Juni

Mvua zimekwisha. Nimerudi kazini wiki hii.

Leo shemeji na binti wamekuja kwangu kula. Shemeji alisimulia ile habari ya jirani na mbuzi wake tangu mwanzo, kwa sababu sikuwa nimeisikia, na alipofika mahali pa kuchekesha alinyamaza. Tukasubiri. Kisha binti akacheka, kicheko kibaya chenye machozi, nami nikacheka, na shemeji mwenyewe akaishia kucheka huku ameshika kijiko.

Baada ya chakula binti alilala kwenye kochi, kichwa mapajani kwangu. Jua lilikuwa linaingia. Shemeji alikusanya viatu vyake, akachukua vya mtoto, akasimama mlangoni navyo.

"Tumwamshe?" akauliza.

"Mwache," nikasema. "Na wewe kaa."